Siku ya Kuosha Kasiki

Mshumaa ulishuka ndani ya kasiki ukining'inia kwenye uzi, ukiyumba huku na huku, naye Shushan amepiga magoti akiufuata kwa macho kama mama anayetazama homa ya mwanawe. Ukizimika, hewa ya chini ni mbaya na mtu haingii. Ukiwaka, mtu anavua viatu.

Uliwaka. Tena uliwaka vizuri, mwanga umesimama wima. Laiti ungezimika, aliwaza, ningepata kisingizio cha kulala.

Akavua viatu.

Kasiki lile lilizikwa kwenye sakafu ya chumba cha chini, mdomo tu ndio uliobaki nje, sawa na ardhi. Tumbo lake pana, kitako chake chembamba kama ncha ya yai, na kina chake kilimpita Shushan kwa urefu wa mkono mzima. Mama mkwe wake alilikuta humo, na mama mkwe wa mama mkwe wake vilevile. Miaka yote halikujua kinywaji kingine ila cha zabibu. Lakini mwaka huu baridi ilirudi baada ya Pasaka, usiku mmoja tu, ikayaunguza machipukizi ya mizabibu yakawa kama majani ya chai. Matufaha, kwa kuwa huchelewa kuchanua, yaliponea chupuchupu, na kwa kuwa kila bustani ya Urmia ilikuwa nayo, hakuna aliyeyataka. Ndiyo haya yaliyorundikwa kando ya kasiki, lundo limefika dirishani, mengine yameanza kulainika shavu moja.

Kasiki likikaa kavu mwaka mzima hufa. Hupasuka, nawe hulioni linapopasuka. Basi Shushan aliamua kulilisha matufaha, jambo ambalo hakuna mtu wa kijiji kile aliyewahi kulifanya.

Asubuhi hiyo kijiji kizima, yaani nyumba chache zilizobaki na moshi, kilipanda tela la trekta kwenda sikukuu ya mtakatifu wa ng'ambo ya mto. Watalala huko, warudi kesho. Khatun, jirani yake, alimpigia kelele kutoka juu ya tela huku ameshikilia sufuria la nyama mapajani.

"Mama Yonan! Leo sikukuu, nawe umejifunga kibwebwe?"

"Mtakatifu wako ana wa kumfulia nguo. Mimi nani atanifulia?"

"Divai ya matufaha! Utatulewesha au utatuharisha?"

"Wewe Khatun hata maji ya mfereji yanakulewesha. Nenda salama."

Tela lote lilicheka, likaondoka na vicheko vyake, na kijiji kikabaki na mbwa, kuku, Shushan, na Awisha.

Awisha, mumewe, alikuwa chumba cha juu, juu kabisa ya kasiki, kitandani. Kiharusi kilimkamata wiki ileile mizabibu ilipoungua, kikamchukua upande wa kulia. Maneno alibakiwa nayo, yamepinda kidogo, lakini hakuyatumia. Alilala ameuelekea ukuta. Shushan alimgeuza asubuhi, akamgeuza jioni, akamwosha, akamfulia, akamlisha mkate uliolowekwa kwenye divai ya mwaka jana, kwa kuwa kitu kingine alikitema. Na divai ya mwaka jana ilikuwa inakaribia mashapo. Siku hizi, akiinuka kitini, Shushan alitoa mguno kabla hajainuka, kama mtu anayelipa kwanza.

Akashuka ngazi hadi ndani ya kasiki, na ufagio wa nyasi kavu kwapani, beseni na matambara mkononi. Maji ya moto alikwisha kuyamwaga na kuyateka jana kwa kata ndefu. Leo ilikuwa kusugua na kukausha.

Ndani ya kasiki mtu na ngazi hawaenei. Ndiyo maana aliyemo hufika chini, akaisukuma ngazi juu, na aliye nje akaipokea, akaiweka kando mpaka aitwe. Shushan akaisukuma. Ngazi ikapanda, ikapita mdomo, ikayumba, ikaanguka huko nje kwa kishindo. Hakushtuka. Kishindo kile alikisikia kila mwaka. Awisha hakuwa mtu wa kuweka kitu taratibu.

Alisugua. Alianza kwenye shingo, mikono imenyooka juu mpaka mabega yakawaka moto, akashuka tumboni, akizunguka na ukuta kama punda wa kinu. Kasiki lilinuka zabibu za miaka mingi, na udongo, na nta. Hakuwaza kitu. Hiyo ndiyo raha ya kazi inayochosha: haikuachii nafasi ya kuwaza. Alipofika kitakoni akapiga magoti, akafuta kwa matambara mpaka tambara la mwisho likatoka safi. Kisha akasimama, akanyoosha mkono juu, kiganja wazi.

"Ngazi," alisema.

Mkono ukabaki juu.

Alikaa hivyo kitambo, kidole kikiwa hakifiki mdomo wa kasiki kwa kiasi cha kuudhi tu. Halafu akaushusha mkono polepole, akautazama kama si wake. Miaka yote hiyo kulikuwa na mikono miwili huko juu iliyoipokea ngazi ile. Kichwa chake kilijua kwamba haipo tena. Mikono yake yeye haikuambiwa.

"Mjinga wewe," alijiambia. "Mjinga, mjinga, mjinga."

Aliruka. Katika umri wake aliruka, akapata kuugusa mdomo kwa kucha, akaanguka na kifundo kikamuuma. Alikanyaga beseni lililopinduliwa, likateleza kwenye ncha ya kitako na kumtupa ukutani. Udongo ulikuwa baridi. Kesho, watarudi kesho, labda mchana, labda na ulevi. Na Awisha hajala. Hajageuzwa.

"Baba Yonan!"

Kasiki lilimrudishia sauti yake masikioni.

"Baba Yonan! Nimo ndani ya kasiki! Ngazi imeanguka!"

Mbao za dari hazikulia hata kidogo. Anasikia, alijua anasikia; kupitia mbao zile walisikiana hata wakikohoa.

"Umekufa, au umenuna? Kama umekufa nijulishe, nisipoteze sauti!"

Akaketi juu ya beseni, magoti kifuani. Hasira ilikuja, ikakaa, ikachoka pia. Alichoona kimebaki ni mazoea tu, na mazoea ya siku ya kuosha kasiki yalikuwa haya: aliye ndani na aliye nje hutegeana vitendawili bila kunyamaza, ili aliye nje ajue kwa sauti kwamba hewa haijamlaza mwenzake. Tangu kiharusi, hakuwa amemtegea Awisha hata kimoja.

"Kitendawili!" akaita.

Kuku alipita nje ya dirisha akinung'unika.

"Kitendawili, Awisha!" Alimwita kwa jina lake, kama enzi za uchumba.

Ndipo juu kabisa, kama mtu mwenye kokoto mdomoni: "T... tega."

Shushan aliziba mdomo kwa kiganja. Alipoweza kusema, alisema kwa ukali, asije akamtisha.

"Watoto wangu wengi, kila mmoja ana nyota tumboni."

Aligonga ukuta wa kasiki kwa ukucha, mara mbili, akingoja.

"Umeshindwa? Nipe mji."

"Ta... Tabriz."

"Tabriz siutaki, kuna baridi."

"Chicago."

"Huko nako kumejaa wanao. Tufaha, mzee wangu! Likate kwa upana uone. Sasa sikiliza. Mimi siwezi kutoka humu. Kesho watanikuta, sawa, lakini baridi itanikuta kwanza. Unasikia?"

Kitu kizito kikaanguka juu ya dari, vumbi likashuka hadi ndani ya kasiki, na Shushan akajua kwamba mumewe ametoka kitandani kwa njia pekee aliyokuwa nayo.

Kuanzia hapo hakuona kitu, alisikia tu. Mkokoto, na pumziko. Mkokoto, na pumziko refu zaidi. Mlango. Halafu vidaraja vya mawe vya kushukia chini, na katika kila kidaraja tusi moja, la Kiturki, maana Awisha aliona lugha ya mama haifai kwa matusi. Shushan aliyapokea matusi yale mojamoja kama mtu anayepokea mikate ya moto. Palipokawia tusi, alizuia pumzi.

Mwishowe uso ukatokea mdomoni mwa kasiki, kichwa chini, ndevu zimejaa, upande mmoja umelegea, jasho linadondoka.

"Umekonda," alimwambia mkewe.

"Nawe umechelewa. Ngazi iko wapi?"

Uso ukaondoka. Akasikia akikwaruza, akivuta, akihema. Uso ukarudi.

"Imebana. Nyuma ya shinikizo la zabibu. Haitoki."

"Kamba?"

"Kamba ipo. Nani avute?"

"Nitapanda."

"Wewe nyani?"

Shushan alitaka kucheka, akajikuta analia, na hakuwa na hamu ya kuchagua kati ya viwili hivyo. Awisha, kwa kuchoka, akajiegemeza kwenye lundo. Lundo likateleza. Matufaha matatu manne yakabingirika, yakapita mdomo wa kasiki, na moja likamgonga Shushan utosini.

"Aa! Unanipiga mawe? Nimezini na nani?"

"Na kasiki. Kila... kila mwaka."

Aliyatazama matufaha yaliyolala miguuni pake, kitako kile chembamba kimejaa nusu kwa hayo machache. Akayatazama kwa muda. Akapanda juu yake kwa mguu mmoja.

"Awisha," alisema taratibu. "Tia mengine."

Alijivika beseni kichwani, akajibanza ukutani. Awisha alilala chali, akasukuma lundo kwa mguu wa kushoto, kwa mkono wa kushoto, na baadaye kwa bega. Matufaha yakaja kama mvua ya mawe, yakapiga beseni ngo ngo ngo, yakampiga mabega na vifundo vya mikono. Kila yaliposimama, Shushan alikanyaga. Yalipasuka chini ya nyayo zake, yakakaa, yakawa sakafu. Maji yake baridi yakapanda kati ya vidole. Inchi kwa inchi alipanda. Chini kitako kilijaa upesi, lakini tumbo lilipoanza kupanuka lilikula matufaha bila shukrani, na mwanga wa dirishani ukawa wa manjano.

Kisha mvua ikakatika.

"Baba Yonan?"

Aliinua beseni kidogo, akatega sikio.

Safari hii hakuomba. "Kitendawili!" alifoka. "Usinilalie! Kitendawili!"

"Yangu," ilisema sauti, mbali, kama iliyo chini ya blanketi. "Zamu yangu."

"Haya. Tega."

"Nina kizee... ndani ya chungu. Nakipika tangu ujana. Hakiivi."

Shushan alishika kiuno chake kinachouma, akacheka mpaka beseni likamshuka puani.

"Nakupa mji."

"Siutaki mji," Awisha alisema. "Kanyaga."

Na matufaha yakaanza tena kuja, moja moja sasa, kila moja limesukumwa na mtu aliyelifikiria kwanza. Shushan alikanyaga. Kidole kikafika mdomoni. Kiganja. Kiwiko. Alipoweka viwiko vyote viwili sakafuni alikuta uso wa mumewe umelala palepale, shavu kwenye mawe, jicho moja wazi. Awisha akamshika ukosi wa nguo kwa mkono mzima, akavuta, ingawa kuvuta kwake hakukuwa na nguvu ya kung'oa hata kitunguu. Shushan aling'ang'ana, akaweka goti, akajibwaga juu ya mawe kando yake, kalowa mpaka mapajani, nywele zimegandamana, ananuka kama bustani iliyooza.

Kifua cha mmoja kiliinuka, cha mwingine kikashuka.

Shushan alijua yaliyobaki. Vidaraja vile hawezi kumpandisha, si leo wala kesho mpaka watu warudi. Itabidi ashushe godoro, na blanketi, na chombo cha haja, na divai ile ya mwisho. Itabidi amwoshe, maana amejichafua njiani, na goti lake la kulia lina damu ambayo yeye mwenyewe haihisi. Kasiki limejaa hadi tumboni na matufaha ambayo hayakupanguswa, yamekanyagwa na miguu isiyooshwa, na kesho au kesho kutwa yataanza kuchemka kwa namna yake, iwe divai, iwe siki, iwe aibu ya kumchekesha Khatun majira yote ya baridi. Alijua haya yote na hakuinuka. Hata mguno wa kuinukia hakuwa nao.

"Mama Yonan," Awisha alisema. "Njaa."

"Ngoja kidogo."

Aliokota tufaha moja lililosalia pembeni, akaling'ata upande mzuri, akalitafuna likawa laini, akamtilia kinywani kwa vidole. Hakutema.

Nyigu alikuwa ameingia na harufu. Alizunguka mdomo wa kasiki mara moja, mzito, mbawa zake zimelegea kwa ubaridi wa jioni, akatua kwenye mkono wa kulia wa Awisha, ule uliokuwa umetupwa sakafuni kama kitu cha mtu mwingine. Akatembea juu ya kidole cha kati. Akapita kifundo, akasimama, akalamba utamu uliokauka pale, akaendelea polepole kuelekea kwenye mshipa wa kiwiko.

Shushan aliinua kiganja ili amfukuze, kisha akakizuia hewani, aone kama mkono ule utashtuka.

"Unatazama nini?" Awisha aliuliza, macho amefumba.

"Hakuna," alisema, na akaendelea kutazama.