Raba za Kinanda cha Twaha

Mauwa alikuwa amekaa eda, na mwanamke aliyekaa eda hapigi muziki. Hilo hakuhitaji kuambiwa na mtu. Ndiyo maana tangu asubuhi alikuwa amejifungia chumbani mwake, pale Temeke, kinanda cha marehemu mumewe kimefunuliwa tumbo, waya wa umeme umechomolewa, naye ameinama na kulaza sikio juu ya mbao. Aligonga kitufe kimoja taratibu. Ting. Akagonga kingine. Krrr.

"Krrr tena," alinong'ona. "Ewe Mola wangu, krrr tena."

Kilikuwa kinanda cha umeme cha zamani, kizito kama kabati. Ndani yake kila sauti ina chuma chake, na kila chuma kimekalia kipande cha raba ili kitetemeke bila kugusa mbao. Raba zile zilikuwa zimeliwa na miaka na joto la Dar, zimekauka, zinavunjika kama ukoko wa wali. Chuma kikigongwa, badala ya kuimba kinakoroma. Kila mwaka Twaha aliahidi kuzibadili, na kila mwaka kulikuwa na dansi la kuwahi. Kisha homa ikamchukua ghafla, raba zikabaki hivyo hivyo.

Siku ya arobaini, shemeji yake Kondo alipita chumbani akitenga vya kuchukua. Redio alichukua. Feni alichukua. Baiskeli usiseme. Kufa kufaana, na kwa kufaana Kondo hana mpinzani. Alipofika kwenye kinanda alibonyeza, kikakoroma, akacheka mbele ya ukoo mzima.

"Kibovu hiki! Mwachieni mjane, afanyie meza."

Mama mkwe, Bi Mwamvita, alikuwa amekaa pale pale mkekani. Kondo akaongeza la pili: eda ikiisha, Mauwa arudi kwao Masasi, chumba kimepata mpangaji.

Masasi kwa nani? Wazazi walishatangulia, na kaka aliyebaki ana wake wawili wanaogombea hata jiko. Yeye na Twaha hawakujaliwa mtoto. Hakuwa na mbele wala nyuma, isipokuwa neno moja la Audax, kiongozi wa bendi ya Twaha, aliyekuja kumpa pole na kusimama nje ya dirisha kwa heshima ya eda.

"Shem, nyimbo za Twaha nani anajua kuzipiga kama wewe? Kinanda kikilia safi, eda ikiisha njoo nacho kazini. Kikikoroma, siwezi. Watu siku hizi wamezoea hivi vipya vya Japani." Leo, baada ya alasiri, angekuja kusikiliza.

Mfa maji haachi kutapatapa. Kwanza Mauwa alijaribu mpira wa ndani wa tairi kuukuu la baiskeli, sauti ikafa kabisa, kama anagonga mto. Akageukia kandambili. Alizikata vipande kwa wembe, akatoboa kila kipande kwa msumari uliochomwa motoni, moshi ukamkaba, vidole vikaungua. Akapachika, akakaza skrubu, akalaza tena sikio. Ting. Ting. Ting.

Lakini sikio juu ya mbao halitoshi. Mkoromo mdogo huusikii mpaka umeme upite na spika ipige kelele, na spika ikipiga kelele mtaa wote utajua mjane wa Twaha anafanya nini. Alikuwa bado anajishauri, roho mkononi, Audax alipobisha hodi dirishani.

"Mungu nisamehe," alisema, akachomeka waya.

Kinanda kikaimba. Kiliimba wimbo wa Twaha mwanzo mpaka mwisho, laini, bila krrr hata moja. Nje, wanawake waliokuwa wakichota maji bombani wakageukia dirisha, na mmoja akasema, "Astaghfirullah, si yuko eda yule?" Mauwa alimsikia. Aliona aibu mpaka masikio yakamuwaka, na papo hapo akawa na furaha ambayo hakuijua tangu mumewe azikwe.

"Duh! Shem!" Audax alipiga kofi ukutani. "Hiki ndicho chenyewe!"

"Kumbe kizima," ilisema sauti nyingine. Kondo alikuwa mlangoni.

"Nimekitengeneza mie, shemeji."

"Mali ya kaka yangu hiyo. Inaingia kwenye mirathi."

"Si ulisema mbele ya watu, mwachieni mjane?"

"Niliacha kibovu. Kizima sikukiacha."

Mauwa akageukia uani, ambako Bi Mwamvita alikuwa anachagua mchele. "Mama, ulikuwepo. Sema, mama."

Bi Mwamvita alimtazama Kondo, mtoto pekee aliyebaki naye duniani. Kisha akarudisha macho kwenye ungo. "Mie nimeshazeeka, mwanangu. Sikumbuki."

Audax alikohoa. "Basi, braza," alimwambia Kondo, "tutaongea sie wawili. Mpigaji tutamtafuta."

Mauwa akachukua bisibisi. Akalegeza skrubu ya kwanza, akang'oa raba, akaitupa sakafuni.

"Unafanya nini?" Kondo aliruka.

"Nakurudishia ulichoacha."

Kondo alinyoosha mkono amkamate, akaukunja. Kumgusa mjane aliyekaa eda, bombani watu wamejaa wanatazama, hata yeye alishindwa. "Shem, basi!" Audax aliita dirishani. "Shem, tuongee!" Mauwa hakugeuka. Aling'oa ya pili, akang'oa ya tatu, sasa akilia kwa sauti, kwa sababu alijua vizuri kuliko wote waliomtazama kwamba kwa mkono wake mwenyewe alikuwa anajifungia mizigo ya Masasi.