Mapigo Yasiyoruhusiwa Kuingia

Saa mbili na robo asubuhi, Bi Hursanoy, mwoka mikate wa mji wa Margilan, aliangusha mkate ndani ya tanuri. Mkono wake wa kulia ulikataa kuinuka na mdomo ukaenda upande. Mavjuda, mhudumu wa ambulensi, alimlaza garini, akambandika nyaya kifuani, na mashine ikaanza kutoa utepe wa karatasi. Mapigo ya moyo yalikwenda ovyo: mawili ya haraka, kimya, moja, matatu yakigongana.

"Mama, moyo wako unakimbia kama mwizi wa sokoni."

"Uache ukimbie," alisema Hursanoy kwa ulimi mzito. "Mkate wangu unaungua."

Mlangoni mwa hospitali mapigo yalishuka kifuani, yakaifuata machela kwa miguu yao. Bi Sabohat, mlinzi wa mlango, aliyazuia kwa ufagio.

"Hapaingiwi bila mifuko ya kufunika viatu."

Mavjuda alinunua jozi ya mifuko ya buluu. Mapigo yalikuwa na miguu mitatu. Akanunua jozi nyingine, miguu ikawa mitano.

"Dada, acha mchezo, nimepiga deki sasa hivi," alisema Sabohat. "Yakae pale na wenzao."

Mapigo ya wagonjwa wengine saba yalikuwa yamechuchumaa ukutani, yakipokezana chai ya kijani.

Ndani, mashine ya hospitali ilichora moyo uliotulia kabisa. Mavjuda alimpa daktari utepe wake.

"Daktari, mapigo haya ndiyo yaliyorusha donge la damu kichwani. Asipopewa dawa ya kuzuia damu kuganda, kiharusi kitarudi."

Daktari Botir aliutazama utepe kwa heshima, kisha akaweka bakuli lake la chai juu yake. "Kazi nzuri, binti yangu. Ila faili letu hupokea karatasi za mashine yetu tu. Na moyo huu ni mzima."

"Ni mzima kwa sababu mapigo yenyewe yako nje!"

"Basi yaliyo nje si mgonjwa wangu."

Jioni hiyo Mavjuda aliuandikia uongozi wa hospitali barua ya kurasa nne.

Siku ya tisa Hursanoy aliruhusiwa, vidole vimeanza kushika unga. Mapigo yalisimama, yakajipangusa vumbi, yakasubiri aagane na wauguzi, ndipo yakarudi kifuani mwake.

Wiki tatu baadaye Mavjuda alimfuata tena. Safari hii Hursanoy hakuweza kusema chochote, hata kuhusu mkate. Walipofika mlangoni, mapigo yalishuka bila kuambiwa. Sabohat akayauliza habari za nyumbani.

Jibu la barua lilikuwa limefika. Uongozi ulimshukuru Mavjuda kwa kujali, na pale ukutani mafundi walikuwa wakipigilia bati la kibanda, ili mapigo yasinyeshewe.

Mavjuda aliyatafutia mapigo ya Hursanoy nafasi kivulini, kisha akaisukuma machela ndani.