Nambari za Wabwile

Wilkista aliingia ofisi ya Kitale bila hodi wala salamu. Alikuwa ametoka Bungoma asubuhi hiyo na hasira zake zote, na alichotaka ni kuuona uso wa Wabwile ukimshuka.

Mwaka huo wa 2008, kampuni yao ya mbegu ilikuwa imeanza kupokea maagizo ya wakulima kwenye tovuti. Wabwile, fundi mkuu wa programu, alikuwa amekusanya rangi, picha na vitufe vya kurasa zote, akavifunga katika kifurushi kimoja. Wilkista ndiye aliyeandika maelezo ya jinsi kila tawi litakavyokiingiza kifurushi hicho kwenye programu yake. Kitale mambo yalikwenda sawa. Bungoma kurasa zilifunguka uchi, maandishi yamerundikana ovyo, na kitufe cha kuagiza hakionekani. Madam Jerop, meneja, alikuwa amesema wazi kwamba Bungoma ikishindwa tena, Wilkista aende nyumbani.

"Ati umekuja kufundishwa kusoma?" Wabwile akacheka. Akavuta kompyuta mpya mbele ya meneja, aliyekuwa amekaa humo ofisini, akafuata maelezo huku akiyasoma kwa kubana pua. Ukurasa ukafunguka na rangi zake zote. "Unaona, madam? Shida ni mikono ya huyu."

Wilkista akamgeukia meneja. "Madam, mwambie azime kompyuta yake."

"Yangu inahusiana nini na hii?" Kicheko kilikuwa kimemwisha.

"Zima," Jerop akasema.

Akaizima shingo upande. Kwenye ile kompyuta mpya, Wilkista akafuta nakala zote za kurasa zilizohifadhiwa na kivinjari, akaufungua ukurasa upya. Rangi hakuna, vitufe hakuna.

"Mimi niliandika ukurasa uchukue faili kutoka kwa kifurushi kilicho ndani ya programu yenyewe," Wilkista akasema. "Huyu akafuta sentensi yangu, ati anasahihisha, akaweka nambari za anwani ya kompyuta yake, faili zichukuliwe huko. Hapa ofisini inafikika. Kutoka Bungoma tutaifikia aje?"

Jerop akamgeukia Wabwile. "Ulijua?"

"Si angeniuliza?"

Kumbe alijua. Simu zote za Bungoma alizipokea yeye, akanyamaza tu akingoja mwenzake afutwe. Wilkista alimchukia hapo kuliko alivyowahi kumchukia mtu yeyote.

"Sentensi yake irudi sasa hivi," Jerop akasema. "Na Bungoma utaenda wewe mwenyewe, Wabwile, ukawaombe watu msamaha."

Wabwile akanyoosha mkono. "Yaishe bana, Wilkista. Si sisi ni watu wa kazi moja?"

Wilkista aliutazama ule mkono.

"Kila jioni naambia watoto wangu mama yao bado ako na kazi, na mimi mwenyewe sina hakika," akasema. "Toa huo mkono. Nipishe kwa kiti, niandike."