Jina Lisiloandikwa Kwenye Mkataba

Ilikuwa Ijumaa, tarehe kumi na nane Julai, na asubuhi hiyo hewa ya Jackson, Mississippi, ilikuwa nzito kama blanketi lililolowa. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri ikakatika ghafla, na sasa jua lilikuwa linaivuta tena kutoka kwenye lami. Verlene Gatlin alishuka kwenye ndege na mkoba wake, Biblia yake, na kijiba cha moyo alichokuwa amekibeba tangu Milwaukee.

Kijiba hicho kilitembea mbele yake kwa viatu vyekundu. Kilikuwa ni mdogo wake, Claudette.

Miaka mingi Verlene ndiye aliyekuwa akiendesha gari kutoka kaskazini mpaka huku kwenye mkutano wa ukoo, usiku kucha, chupa ya kahawa ikiwa katikati ya magoti. Na kila Jumapili ya mkutano, yeye ndiye aliyempeleka kanisani Mama mkubwa Ozella, bibi kizee wa ukoo. Ukoo mzima ulisimama nje na fulana za rangi moja, ukingoja. Gari lilipoingia langoni watu walipiga makofi, naye Verlene akashuka, akafungua mlango, akampa bibi mkono, wakaingia wawili hao mbele ya wote. Lakini gari lake lilikufa wakati wa theluji. Alikuwa akidunduliza pensheni yake anunue jingine, hata kama ni la mtumba, arudi kwenye nafasi yake. Mwaka huu Claudette alikata tiketi za ndege na kusema, "Tutakodi gari, dada. Niachie mimi."

Kwenye kaunta ya magari kijana mmoja alitabasamu. "Mama, utachukua bima yetu? Dola thelathini tu kwa siku."

"Asante, siihitaji," Claudette alijibu.

"Msimu huu kuna mvua ya mawe, mama. Juzi gari limerudi hapa limebonyea paa zima kama sufuria la zamani."

"Na libonyee." Claudette aliweka kadi yake ya benki mezani taratibu, kama mtu anayeweka karata ya ushindi. "Nikilipa kodi yote ya gari kwa kadi hii na nikikataa bima yenu, gari likiharibika benki ndiyo inayolipa. Niliwapigia simu nikahakikisha."

Kijana alicheka akanyoosha mikono. "Umenishinda, mama. Kuna dereva mwingine wa kuandika?"

"Yupo dada yangu. Dada, mpe leseni."

Verlene alihisi uso ukipata moto. Jina lake liandikwe chini ya jina la Claudette, kama mtoto anayeongezwa kwenye tiketi ya mama yake! "Usiniandike popote," alisema. "Gari lako, kadi yako, bima yako. Mimi ni mzigo tu, nitie nyuma pamoja na masanduku."

"Dada, acha maneno hayo."

"Nimekwisha kusema."

Kijana alimtazama huyu, akamtazama yule, akauliza mara ya pili. Verlene aligeuza uso dirishani.

"Haya," Claudette alisema. "Lakini usije ukaugusa usukani. Kadi inamlipia aliyeandikwa tu. Asiyeandikwa akigonga, benki haitoi hata senti."

"Nani anautaka usukani wako?"

Siku ya pili walikusanyika uani kwa Mama mkubwa Ozella, ambako ndugu hao wawili walikuwa wamefikia. Verlene alikaanga kambare, mikono imejaa unga wa mahindi mpaka viwikoni. Hakuna aliyekuja kumsifu kambare. Wote walikuwa wamelizunguka gari jipya jeupe lenye viti vya ngozi, na katikati yao Claudette alikuwa akieleza habari za kadi, kama mhubiri aliyepata andiko.

"Sasa binamu," Rufus aliuliza. Alikuwa mtani wa ukoo, mwenye tumbo kubwa na sauti kubwa zaidi. "Nikikodi gari nikamgonga ng'ombe wa mtu, kadi itamlipa ng'ombe?"

"Ng'ombe utamlipa mwenyewe, Rufus. Kadi inalipa gari la kukodi tu. Si ng'ombe, si ukuta, si pua ya mtu."

"Na mke wangu akiendesha?"

"Mwandikishe kwanza."

"Huyo nimemwandikisha miaka thelathini na bado hanilipi!"

Walicheka mpaka mbwa akabweka. Verlene aligeuza samaki, mafuta yakamrukia kifundo cha mkono. Ndipo Rufus alipopanda juu ya benchi na kutangaza, "Jamani! Kesho Claudette ndiye atakayemleta Mama mkubwa kanisani. Aje kwa fahari mwaka huu!" Ukoo mzima ukapiga makofi. Mikono ya Verlene ikabaki ndani ya bakuli la unga.

Usiku alipiga magoti kando ya kitanda. Alikuwa mtu wa sala, tena sala ndefu, lakini usiku ule maneno yalimtoka yamepinda. "Bwana, wewe unajua nani aliyeutumikia ukoo huu. Mwonyeshe Claudette." Alisema "Amina" upesi, kabla Bwana hajamuuliza maana yake.

Jumapili asubuhi Claudette alikuwa bado bafuni akishughulika na nywele zake. Funguo zilikuwa juu ya meza ya jikoni. Mama mkubwa Ozella, mwenye miaka tisini na mmoja, alikuwa amekwisha kuketi karibu na mlango, kofia nyeupe kichwani, mkoba mapajani.

"Ni wewe, Verlene?" aliuliza, kwa kuwa macho yake yalikuwa hafifu. "Twende basi, mwanangu. Sipendi kuingia nyimbo zimekwisha kuanza."

Kila mwaka aliambiwa maneno hayo hayo. Verlene alizitazama funguo. Alisikia maji yakimwagika bafuni. Akajiambia ni mwendo mfupi tu, na kwamba bibi ndiye aliyeomba. Akazichukua.

Lo, gari lile lilikwenda kama linaimba! Verlene alipita kwenye mashamba akiwa amenyoosha shingo, na kwa muda ule mfupi hakumwonea gere mtu yeyote duniani. Alipokata kona aliwaona, fulana za njano zimejipanga nyasini mbele ya kanisa la Mlima Nebo. Makofi yakaanza. Akamtafuta Rufus. Alitaka Rufus amwone. Akamwona amesimama kinywa wazi, naye Verlene akainua mkono ampungie.

Gari lile lilikuwa pana kuliko lake la zamani, na lango la kanisa halikuwa limeongezeka. Nguzo ya matofali ilikwangua ubavu wa kulia kwa mlio uliowafanya watoto wazibe masikio. Kioo cha pembeni kilining'inia kwa waya. Mlango wa nyuma ulibonyea kwa ndani. Matofali mawili yalianguka majanini, na makofi yakafa moja moja.

"Mama mkubwa! Umeumia?"

Bibi aliinyoosha kofia yake. "Sijaumia. Ile nguzo aliijenga baba yangu," alisema. "Ninavyojua, haijawahi kusogea."

Claudette alifika kwa gari la mizigo la jirani, nywele zikiwa zimefungwa kitambaa, viatu vimevaliwa bila soksi. Alikwenda kwanza kwa bibi, akamshika mikono yote miwili. Kisha akalizunguka gari. Kisha akamvuta Verlene nyuma ya kanisa.

"Wewe umeumia?"

"Hapana."

"Nilikwambia nini, dada? Nilikwambia nini pale kaunta?"

Verlene alimnyooshea funguo.

Claudette alivuta pumzi. "Sikiliza. Benki watauliza nani alikuwa anaendesha. Nitasema ni mimi. Watalipa, na mambo yataishia hapo. Wewe una pesa zako za gari, usiziguse."

Hapo ndipo wivu ulipomuuma Verlene kuliko siku zote. Kumbe hata wema ulikuwa wa Claudette! Kadi yake, gari lake, na sasa huruma yake pia. Yeye angebaki na nini? Angebaki na pesa zake, ndiyo. Mwaka kesho angenunua gari, angemleta Mama mkubwa kupitia lango hili, na makofi yangekuwa yake tena. Neno moja tu la uongo, tena si yeye ambaye angelisema. Alilitamani neno lile kama mwenye kiu anavyotamani maji.

"Watu wote wameniona, Claudette."

"Hawa ni ndugu. Hawatasema."

"Basi watoto wale wote tutawafunza kunyamaza kwa ajili yangu? Jana usiku nilimwomba Mungu akuonyeshe. Naona amenionyesha mimi."

Claudette alimkodolea macho. "Ulisali hivyo juu yangu?"

"Nilisali."

"Mimi nikiwa chumba cha pili, ninakukunjia fulana yako?"

Verlene aliinamisha kichwa. Ndani, piano ilikuwa imeanza, na nyimbo zilikuwa zimeanza bila Mama mkubwa. Claudette aliondoka, akaenda kumchukua bibi.

Ibada ilipofika wakati wa ushuhuda, Mchungaji Tubbs aliuliza kama kuna mwenye neno. Verlene alisimama. Akashika benchi la mbele.

"Sema, dada," mtu alimtia moyo.

"Wote mmeona nilichokifanya langoni. Hamjaona kilichonipeleka. Mdogo wangu alitaka niandikwe kwenye mkataba wa gari nikakataa. Nilimwonea wivu. Nilizichukua funguo ili mnipigie mimi makofi. Kadi yake hainilipii, wala haipaswi."

"Na nguzo je?" Rufus alinong'ona kwa sauti iliyosikika mpaka mimbarini.

"Rufus, nyamaza," Claudette alisema, macho yakiwa mbele. Lakini alikuwa amesogea kwenye benchi na kuacha nafasi kando yake.

Verlene aliiona nafasi ile. Alijifuta uso kwa kiganja.

"Na nguzo pia," alisema. "Mbele za Mungu na mbele zenu naahidi. Gari lile nitalilipa kwa akiba yangu ya gari, na matofali nitayarudisha kwa mikono yangu. Na mwaka ujao Claudette ndiye atakayemleta Mama mkubwa. Mimi nitasimama nje na fulana yangu pamoja nanyi, na akiingia langoni, nitakuwa wa kwanza kupiga makofi."