Mkulima wa Redioni

Wiki nzima mtu aliyejiita Dwight, mkulima wa ngano wa wilaya hiyo, alipiga simu kwenye kipindi cha siasa cha Lorna Pruitt, redioni huko Oklahoma, Marekani. Lorna alikuwa mhafidhina wa kutupwa, na Dwight alimuunga mkono kwa kila neno, ila hakukosa kumalizia kwa kudai wanajeshi wapelekwe vitani ng'ambo. Lorna, ambaye mwanawe alikuwa jeshini, akaingiwa na shaka.

"Kaka Dwight, ngano umeshavuna?"

"Bado, dada. Labda mwezi ujao."

Wilaya nzima ilikuwa imemaliza kuvuna tangu Juni.

"Mkulima gani wewe! Nani kakutuma?"

Simu ikakatika. Wasikilizaji wengi walimpongeza Lorna, wachache waliotaka vita wakamwita msaliti. Tangu siku hiyo hakumwamini hata aliyemsifu.