Robo Saa ya Filimbi

Meneja aliwakusanya wafanyakazi uani akatangaza kwamba kuanzia Jumatatu, saa nne asubuhi, mitambo yote itazimwa kwa robo saa ili watu wakae kimya, wasikilize muziki na kutuliza akili. Bi Wembe alisonya msonyo mrefu mpaka waliokuwa mstari wa mbele wakageuka. Jina hilo alipewa kiwandani kwa ajili ya ulimi wake. Alikuwa amefuma vitambaa pale kwa miaka ishirini na sita, na mameneja saba walikuwa wamekuja na kuondoka mbele ya macho yake, kila mmoja na wazimu wake.

"Wa kwanza alituletea mabango. Wa tatu alituletea michezo ya kushikana mikono kama watoto," alimwambia wifi yake, dada wa marehemu mumewe, walipokuwa wakirudi kwenye mitambo. "Huyu katuletea usingizi."

"Wifi nawe! Angalau tutapumzisha miguu."

Hayo waliambiana kwa midomo tu. Mle ukumbini mitambo themanini ilinguruma kwa pamoja na sauti ya mtu haikufika popote, kwa hiyo wafumaji walisomana midomo, wakasengenyana na kutaniana kutwa nzima bila kupoteza pumzi.

Jumatatu akaja mtaalamu wa utulivu, mwanamke mwenye viatu laini na midomo isiyofunguka sawasawa, kana kwamba anaogopa maneno yake yatashikwa na mafua. Alitundika kisanduku cha muziki ukutani, akawaketisha watu arobaini mikekani, akawaambia wafumbe macho.

Bi Wembe alifumba moja. Kwa lile lililobaki alikitazama kisanduku. Kimya. Akawatazama wenzake. Fundi wa mitambo, na tumbo lake lote, alikuwa akitikisa kichwa polepole. Msimamizi wa zamu alitabasamu kama mtu aliyeota anaoa tena. Hata wifi yake alikuwa na machozi. Na mlangoni meneja amesimama, mikono nyuma, kavimba kwa furaha.

Wanafiki wakubwa, akasema Bi Wembe moyoni. Kisanduku kibovu, nao wanamvisha bwana mkubwa kilemba cha ukoka.

Aliuma ulimi wiki mbili nzima, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu azaliwe. Wiki ya tatu, robo saa ikiwa katikati, meneja aliwaomba wafumbue macho wamweleze wanajisikiaje. Msimamizi wa zamu akasema anajisikia kama kazaliwa upya. Hapo Bi Wembe akasimama.

"Meneja, mimi nina neno. Hicho kisanduku chako kimekufa tangu siku ya kwanza. Hakuna muziki hapa. Hawa wanatikisa vichwa kwa sababu wanakuogopa."

Alingoja kicheko. Hakuna aliyecheka. Watu walitazama mikeka yao. Wifi yake akamshika mkono, akamgeuza wakatazamana.

"Kinapiga, wifi. Hata sasa hivi kinapiga."

"Kinapiga nini?"

"Filimbi. Filimbi nyembamba hivi, nzuri mno."

Bi Wembe alimkagua usoni akitafuta utani, asiupate. Akaenda ukutani, akakiwekea kisanduku kiganja. Kilikuwa kikitetema kidogo, kama koo la ndege.

"Basi tumwongezee mama yetu sauti," akasema meneja, na wachache wakacheka kumridhisha.

Kesho yake Bi Wembe alikwenda kliniki. Daktari wa masikio alimwambia bila kuzunguka kwamba kelele za mitambo zimemmalizia sauti zote nyembamba, na kwamba hazitarudi. Na yeye miaka yote akimgombeza binti yake kwamba watu wa siku hizi wanameza maneno! Aliingia chooni akalia kwa dakika mbili hivi. Akanawa uso, akatoka.

Asubuhi iliyofuata, saa nne ilipofika, alimwendea mtaalamu.

"Piga hiyo filimbi yako, lakini usiseme unaanza lini. Na nyinyi nyote, elekeeni ukutani. Anayeisikia anyooshe mkono, na asitazame wa mwenziwe."

Mtaalamu alisita, akakubali. Bi Wembe alimhesabia hilo kuwa kazi yake ya kwanza ya maana. Mikono ikapanda. Mikono kumi na mmoja haikupanda, na mmojawapo ulikuwa wa fundi wa mitambo.

"Wewe si ndiye uliyekuwa ukitikisa kichwa?" akauliza Bi Wembe.

"Nilikuwa namfuata wa mbele yangu," akajibu fundi, jasho likimtoka. "Nilidhani ndivyo inavyofanywa."

Meneja akaingia kati. "Jamani, hili si lengo la mpango wetu. Mpango wetu ni ustawi."

"Ustawi!" Bi Wembe alimtazama kuanzia viatu hadi kichwani, kisha akashuka tena taratibu, maana hakuona juu kitu cha kumchelewesha. "Umetuua masikio kwa mitambo, halafu unatuletea filimbi. Vifunika masikio viko wapi? Mimi leo siwashi kitu."

Akaketi mkekani. Wifi yake akaketi kando yake, kisha yule fundi, kisha wote. Robo saa ikapita, ikafika saa tano, ikafika saa nane mchana. Kesho yake asubuhi katoni ya vifunika masikio ilikuwa mezani, kila mtu na chake.

Juma lile lile picha ya meneja ikabandikwa ubaoni, amevaa kifunika masikio na kucheka, chini yake imeandikwa kwamba yeye ndiye aliyebuni wazo. Bi Wembe aliisoma mara moja tu. "Hata kuvaa hajui," akasema. "Kakivaa nyuma mbele."

Jioni wakirudi nyumbani alimuuliza wifi yake, akitazama pembeni kana kwamba halimhusu, huo wimbo ulikuwaje hasa. Wifi akasimama njiani, akaushusha mpaka kwenye sauti nzito ya kiume, akamwimbia karibu na sikio. Bi Wembe alisikiliza mpaka mwisho.

"Ndio huo?" akabetua midomo. "Sikukosa kitu."

Wakaendelea kutembea. Walipofika kwenye kona akamshika wifi yake mkono.

"Hapo kati unapopanda, umekosea. Hebu rudia."