Tairi Lililosimama

Mume wangu Gelasius alikufa nikiwa namsimulia kisa cha katekista na mbuzi. Nilipofika penye kuchekesha sikusikia kicheko, nikadhani ananikomoa. Alikuwa na tabia hiyo: ukimchekesha sana anakaza midomo, mpaka ukigeuka ndipo acheke peke yake. Basi nikageuka. Nikangoja. Nikarudia pale penye kuchekesha, safari hii kwa sauti. Ndipo nikaona mkono wake umeniangukia pajani, si mzito wala si mwepesi. Ulikuwa mkono tu.

Tulikuwa ndani ya haisi yetu, ile ya foo-wili inayovuta kwa matairi yote manne, imezama kwenye mchepuko wa kalavati lililobomoka, ukitoka Majimoto kabla hujafika Kibaoni. Ngiri ilikuwa imemkaza tangu asubuhi, tunampeleka hospitali Mpanda. Cletus, mwanetu wa kwanza na ndiye dereva, alikuwa nje kwenye tope anachimba kwa jembe. Nilimwona kupitia kioo, mgongo unapanda na kushuka. Sikumwita. Niliona nimwache achimbe kidogo, maana akiacha atajua.

Tangu hapo nimekuwa kama mguu uliokaliwa vibaya. Unaupiga kofi, unauona kabisa kwamba ni wako, lakini haukuletei habari. Watu walikuja nyumbani Kasansa wakalia, mimi nikawauliza kama chai imekolea sukari. Dafrosa, mtani wetu, alivaa koti la marehemu akapita mbele ya waombolezaji kwa ule mwendo wa Gelasius wa kutafuta mbuzi aliyepotea, akaniuliza kwa nini ugali umechelewa. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi, ambaye kwenye misiba ya wenzangu nimewahi kulala ndani ya kaburi nikidai limechimbwa kwa vipimo vyangu, nilimwangalia Dafrosa nikawaza kitu kimoja: bega amekosea. Gelasius alikuwa anainamisha la kushoto.

Mpunga ukavunwa, tukakaa kuanua matanga. Mwenye kikao alikuwa Bartolomeo, mdogo wake marehemu. Mashamba hayakuwa na maneno, ng'ombe hawakuwa na maneno. Maneno yalikuwa kwenye gari. Lilikuwa limesimama nyuma ya jiko tangu watu walivute kutoka topeni wakati wa msiba, kuku wanataga kwenye kiti cha dereva.

"Tuliuze," Bartolomeo alisema. "Gari alilofia mtu halina baraka."

"Shemeji," nikamwambia, "kitanda unacholalia alifia baba yenu. Mbona unakoroma juu yake mpaka sisi tunasikia huku?"

Wakacheka. Mdomo wangu ulikuwa unafanya kazi zake wenyewe siku hizo, mimi sipo.

Cletus hakucheka. Alikuwa amekonda, shati linamning'inia. Tangu siku ile hakuwahi kushika usukani, na ukimwekea chakula anakigeuza geuza kama anatafuta kitu ndani yake. Akasema kwa sauti ndogo, "Lisiuzwe. Lifungwe loki. Likifungwa loki nitaendesha. Bila loki siendeshi."

Watu wote wa nyumba ile walikuwa wanajua habari ya loki. Kiangazi cha nyuma Gelasius alitoka Mpanda akiwa nayo mdomoni. Amesikia kwa madereva wa Kawajense kwamba kuna kitu kinafungwa kwenye difu, kule chini katikati ya matairi, gari likinasa unabonyeza kitufe linatoka. Cletus akamjibu, tena mbele ya watu, "Baba, loki ni ya madereva wasiojua kuendesha. Foo-wili inanitosha." Mzee akaacha habari hiyo. Usukani si wake.

"Hiyo loki ina faida gani hasa?" Bartolomeo aliuliza. "Itakula mpunga wote wa mwaka huu. Mara ngapi gari linanasa? Tununue loki, au tununue jembe la pili?" Halafu akanigeukia. "Mwenye neno ni wewe, mama Cletus. Gari la mumeo."

Nikasema nitamwuliza fundi kwanza. Sikuwa na shida na fundi. Nilimwangalia mwanangu, nikaona kwamba swali lake si loki. Anataka kujua kama siku ile, loki ingekuwepo, baba yake angefika. Na hilo hawezi kumwuliza mtu.

Fundi Reverien ana gereji Kawajense. Alikuja kwa basi, akawasha gari baada ya kuwaondoa kuku kwa heshima, tukaondoka wawili kulipeleka kwake akalipime. Cletus alibaki amesimama mlangoni. Tulipokaribia kalavati nikamwambia fundi asimame.

Kalavati lilikuwa limeshajengwa upya, mchepuko umeachwa, hakuna anayeupita. Tope letu nyie mnalijua: masika uji, kiangazi tofali. Mvua haikunyesha tena baada ya siku ile, na kila kitu chake kilikuwa bado pale, kimekauka. Mashimo ya matairi. Nyayo za Cletus, vidole vyote. Mahali alipoliegemeza jembe.

"Nieleze hii loki," nikamwambia, "lakini nieleze kama mtu wa shamba."

Reverien akachuchumaa. "Mama, foo-wili inapeleka nguvu mbele na nyuma. Sawa. Lakini nguvu ikifika nyuma inakutana na difu, na difu inagawa kwa matairi mawili, la kushoto na la kulia. Ilibuniwa hivyo ili gari likate kona vizuri, maana kwenye kona tairi la nje linakimbia kuliko la ndani. Ubaya wake, tairi moja likikosa pa kushika, difu inalipelekea hilo hilo nguvu yote. Linazunguka bure. La pili, lililo mahali pagumu, linakaa tu."

"Kumbe difu ni mwanamume wa wake wawili. Anampa kila kitu yule anayepiga kelele, yule mwenye jembe mkononi hapati hata chumvi."

"Ndiyo hivyo."

"Na loki?"

"Loki inawafunga kitambaa kimoja kiunoni. Akizunguka mmoja, na mwingine lazima."

"Ungekuwepo ujana wangu ungesaidia ndoa nyingi."

Alicheka, halafu akaona mimi sicheki, akaacha. Nikamwonyesha mashimo. "Sasa nisomee hapa."

Alizunguka, akainama, akaingiza mkono kwenye shimo la tairi la nyuma la kushoto; lilimfika kwenye kiwiko. La mbele la kulia nalo lilikuwa limechimba. Kisha akaenda upande wa nyuma kulia, akakaa pale muda mrefu kuliko pengine.

"Mama, nikwambie kama fundi au kama jirani?"

"Kama fundi. Majirani ninao."

"Hili la kulia halikusota hata kidogo. Tazama, maua ya tairi yamejichora vizuri, hayakuvurugika. Lilikuwa limekanyaga kifusi cha kalavati, mawe yenye tope jembamba tu juu yake. Lilisimama tu, linamngoja mwenzake. Loki ingekuwepo, hili lingesukuma."

"Na gari lingetoka."

"Lingetoka."

"Baada ya kuchimba?"

Akatazama pembeni. "Hapana. Pale pale."

Nikangoja kitu kinijie. Nilisimama kwenye mchepuko ule nikakingoja kama mtu anayengoja basi, na hakikuja. Nilichosikia ni njaa. Nilikuwa na yai la kuchemsha kwenye mkoba, nikalimenya, nikala nimesimama juu ya nyayo za mwanangu. Nusu nikampa fundi. Hakuweza kukataa.

Tukafika Sitalike. Viboko walikuwa wamejilundika kwenye kijito chao kama magunia yaliyotupwa, na mimi nikawa nawaza taratibu, kichwa kinakwenda kama gari la foo-wili bila loki: upande mmoja unazunguka, upande mwingine umelala.

Nikisema loki haina faida, Cletus haendeshi. Gari litauzwa, naye atabaki kugeuza geuza chakula mpaka nimzike na yeye. Na watu wa Kasansa wataugua tena masika, hakuna gari la kuwapeleka, na tope halijasikia habari za msiba wetu. Nikisema loki ina faida, ataifunga, na siku moja atanasa, atabonyeza kitufe, gari litatoka kwa pumzi moja. Pale ndipo atakapojua alichomjibu baba yake kiligharimu nini. Yaani loki hiyo hiyo ya kumrudisha barabarani ndiyo itakayomwambia.

Tulipofika Kawajense, Reverien akazima gari uani kwake. "Nifunge au nisifunge?"

"Funga. Na mwanangu akikuuliza habari ya siku ile, mwambie tumbo la gari lilikuwa limelalia tope, na gari likilalia tumbo loki haisaidii kitu."

Akajikuna shingo. "Hilo ni kweli, mama. Kwa gari lililolalia tumbo."

"Basi hutakuwa umedanganya. Utakuwa umezungumzia gari lingine."

Mpunga ukaenda. Bartolomeo alinung'unika mpaka akachoka, loki ikatoka Dar, ya mtumba, ikafungwa, fundi akalirudisha gari nyuma ya jiko na kuku wakalirudia. Nikamwambia Cletus maneno ya fundi jioni anapokula, nikayasema kama mtu anayesema habari ya mvua. Tumbo. Tope. Isingesaidia. Alisikiliza, akatazama sahani.

"Sawa, mama," akasema.

Akala. Alimaliza, akafuta sahani kwa tonge la mwisho. Nikajisifu moyoni kwamba bado nina akili za kuchezea watu. Kesho yake akawatoa kuku kwenye gari, akalisafisha.

Mvua za kwanza zilitukuta tuna magunia machache tuliyoyabakiza yapande bei. Tukayapakia kwenda Mpanda, mimi na Cletus peke yetu, nimekaa mbele kwenye kiti cha baba yake. Nilikuwa sijaketi hapo kabla; hata na fundi nilikaa nyuma. Anaendesha vizuri, siwezi kumsingizia. Mashimo anayapita kama anayajua majina. Mvua ikaanza kupiga bati. Kalavati likaonekana mbele, jipya, barabara iko sawa kabisa, na mwanangu akakata kona akaingia mchepukoni.

"Cletus. Barabara iko kule."

"Naiona, mama."

Aliingiza gari taratibu kwenye mashimo yale yale. Yalikuwa yamejaa maji. Nyuma upande wa kushoto ukashuka, nikausikia kwenye kiuno changu, ule ushukaji ninaujua. Akakanyaga mafuta. Tairi likalia, tope likapiga kioo cha nyuma, gari halikusogea. Akaacha. Akakaa kidogo, mikono kwenye usukani, anatazama mbele kama kanisani.

Halafu akabonyeza kitufe.

Chini kukagonga, ko, kama mtu anayeweka kikombe mezani. Akakanyaga mafuta kidogo tu, kidogo mno, na gari likanyanyuka nyuma jinsi ng'ombe anavyoamka, likatoka. Likasimama juu ya kifusi. Ilikuwa imekwisha. Hata magunia hayakuhama.

Nikatafuta uongo wa haraka, nikaona nimeishiwa. "Siku ile lilikuwa limelalia tumbo," nikasema.

"Mama."

"Fundi mwenyewe alisema."

"Mama, nilijua siku ile ile." Hakunitazama. "Nilikuwa nachimba kushoto. Nikazunguka kulia kutafuta pa kuchimba, nikakuta tairi safi. Limesimama juu ya mawe, safi mpaka maandishi yake yanasomeka. Nikarudi kushoto nikaendelea kuchimba."

"Na nilipokuletea ile habari ya tumbo?"

"Uliileta vizuri. Nikaona umehangaika nayo. Nikala."

Kumbe siku zote hizo tulikuwa tunafichana kitu kimoja, kila mtu amekikalia upande wake. Nilitaka kumwambia kwamba hakujua, kwamba ngiri ni ngiri, kwamba hata Mpanda watu wanafia mlangoni. Yote hayo aliyajua, na yote hayakuwa na faida kama tairi lililo hewani.

"Kwa hiyo ulitaka loki ya nini?" nikamwuliza.

"Ya atakayefuata," akasema. Kisha akauliza, "Ulikuwa unamwambia nini? Mimi niko nje nakusikia unaongea, unaongea. Nikajua kama unaongea bado yupo. Halafu ukarudia kitu kwa sauti kubwa, ukanyamaza."

"Nilikuwa namwambia kisa cha katekista na mbuzi."

"Sikijui."

"Baba yako alikuwa anakijua. Ilikuwa mara ya pili namsimulia."

"Niambie."

Nikamwambia. Kwamba kulikuwa na katekista, na kijiji ambacho mihogo ya mtu anayeitwa Maiko ilikuwa inaliwa kila siku, mwizi haonekani. Jumapili katekista akapanda mbele akanguruma: aliyekula mihogo ya Maiko ajitokeze sasa hivi apige magoti. Watu kimya. Mara mbuzi akaingia mlangoni, akapita katikati ya mabenchi, akafika mbele, akapiga magoti kwa ile miguu ya mbele ale maua ya altareni. Maiko akasimama akasema: katekista, huyo si mbuzi wako? Katekista akamtazama mbuzi, akawatazama waumini, akasema: ndiyo, ni wangu. Lakini mnaona, mwenyewe ameungama. Nyie je?

Cletus alikaza midomo.

Niliuona ule mdomo, nikaujua. Niligeuza uso dirishani, nikamwachia nafasi yake, nikawa natazama maji yanavyoingia kwenye shimo tulilotoka. Nikasikia kiti kinatikisika. Kwanza kidogo, halafu sana. Nilidhani ni injini, mpaka nikakumbuka kwamba injini alikuwa ameizima.